Usimtoe Jim Reeves kwenye orodha

Molo

Ndugu yangu Simiyu,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto, na kwa wazee wote wawili hapo Kimilili. Sisi huku tuko salama, ni baridi tu iliyotukalia, na viazi vimeanza kupata bei.

Ujumbe wako nimeupata pamoja na orodha ya nyimbo za yubilei ya wazee. Spika nitakuja nazo, hilo lisikusumbue. Lakini orodha yenyewe, bwana, imenikwama kooni. Waimbaji wawili wa kantri, ule muziki wa mashambani wa Wamarekani, na wewe umemweka Don Williams tangu saa nne asubuhi mpaka watu watawanyike, na Jim Reeves hana hata wimbo mmoja! Halafu unaniambia eti Jim ni muziki wa matanga. Mzee akisikia umesema hivyo atakunyang'anya urithi. Zile santuri alizokuwa akizifuta kwa kitambaa laini kila Jumapili kule kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli Nakuru, sisi watoto tumekatazwa kuzigusa, ulidhani zilikuwa za nani?

Najua hoja yako imetoka wapi. Mazishini, kabla mwili haujafika, mwenye mitambo humweka Jim akiimba zile za kanisani. Desemba ikiingia, redio humfufua kwa zile za Krismasi, kisha humrudisha kabatini. Mtu anayesikika msibani na Krismasi peke yake, lazima watu wamwogope kidogo. Lakini hivyo ndivyo tulivyomtumia sisi. Yeye hakuimba kwa ajili ya majeneza.

Chukua wimbo wake He'll Have to Go, uusikilize maneno yake kana kwamba hujawahi kuusikia. Jamaa yuko baa, anampigia simu mwanamke wake. Anamwomba asogeze mdomo karibu na simu, na anaahidi kumwambia mwenye baa apunguze muziki. Huko aliko mwanamke kuna mwanamume mwingine ameketi, kwa hiyo hawezi kusema wazi. Ajibu tu ndiyo au la. Hakuna tusi wala ngumi. Kuna mtu anayebembeleza kwa sauti ya chini huku akijua huenda ameshashindwa. Joe Allison na mkewe Audrey waliutunga kutokana na jambo la nyumbani kwao: Audrey alikuwa na sauti ndogo kwenye simu, na mumewe alimwambia asogeze mdomo. Kampuni ya kurekodi iliuweka upande wa pili wa sahani ya santuri, ule usiotarajiwa kuuza. Watangazaji wa redio wakaigeuza sahani wenyewe, na mwaka 1960 wimbo ukakaa namba moja kwenye chati ya kantri ya Marekani kwa wiki 14.

Nimewahi kuusikia ukipigwa harusini, maharusi wakilishana keki, wageni wakitikisa vichwa kwa furaha. Nikacheka peke yangu. Kwa hiyo huo mmoja nakubali usipigwe siku ya wazee.

Sauti ile ya kunong'ona hakuanza nayo. Jim alianza na besiboli, mguu ukaumia, akaingia kwenye utangazaji wa redio, na baadaye akawa kwenye kituo kimoja cha Shreveport, Louisiana. Sahani iliyomtoa, Mexican Joe ya 1953, ni ya kuchekesha na mbio mbio. Ukipigiwa bila kuambiwa ni nani, utakisia mtu mwingine. Ulipofika wimbo wa Four Walls, mwaka 1957, ndipo aliposogea hadi midomo ikakaribia kugusa maikrofoni na kuteremsha sauti. Miaka hiyo roki ilikuwa inaikaba kantri sokoni. Mtayarishaji wake, Chet Atkins, alikuwa miongoni mwa watu wa Nashville, mji wa kantri, walioamua kuondoa fidla za kijijini na yale magita ya kulia, wakaleta violini za mjini, piano ya Floyd Cramer na waitikiaji wa Anita Kerr. Wapenzi wa kantri ya zamani walinung'unika kwamba imetiwa sukari kupita kiasi. Wana haki yao. Lakini sikiliza Jim anavyotamka. Ule utangazaji haukumtoka. Hakuna neno analolimeza. Sisi tuliofundishwa Kiingereza kwa kiboko, huyu alikuwa kama mwalimu aliyeacha kiboko ofisini. Mzee wako aliishia darasa la saba, na bado anaweza kukuimbia wimbo mzima wa Jim bila kubahatisha silabi.

Sasa Don. Nampenda, usinielewe vibaya. Tena wanatoka jimbo moja: Jim alizaliwa Galloway, Texas, mwaka 1923, na Don akazaliwa Floydada, Texas hiyo hiyo, mwaka 1939. Wote wana sauti ya kifuani, na hakuna kati yao anayekupigia kelele. Ndiyo maana watu huwachanganya kwenye kanda moja na kuona mambo yamekwisha. Mimi naona wamepishana mahali pamoja pakubwa. Jim karibu kila mara anaimba kwa mtu ambaye hayupo. Yuko upande wa pili wa simu, au ametoka kwenda kustarehe mjini na kumwacha na kuta nne, au ngoma za vita zinasikika kwa mbali na yeye anataka waoane kabla hajaitwa. Don anaimba kwa mtu aliye chumbani humo humo. You're My Best Friend hauimbwi kwa simu. Unaimbwa na mtu aliyeketi kwenye kiti chake, kofia kichwani, na mama wa nyumba anapita na sufuria bila hata kumtazama, maana anajua kwamba ni yeye anayeimbiwa. Don mwenyewe alimwoa Joy mwaka 1960, na walikuwa bado pamoja alipofariki 2017. Sisemi ndoa ndiyo iliyoimba, ila ukijua hilo, husikii uongo popote kwenye wimbo.

Na alikuwa na jicho la kuchagua. Nyimbo zake 17 zilifika namba moja kwenye chati ya kantri, na nyingi katika zile kubwa zilitungwa na wengine: Bob McDill, Wayland Holyfield, Roger Cook na Sam Hogin walioandika I Believe in You. Tulsa Time ya 1978 ilitoka kwa Danny Flowers, mpiga gita kwenye bendi yake mwenyewe, na Eric Clapton, yule mpiga gita wa Uingereza, naye akauchukua. Vyombo vyake ni vichache, ngoma ya taratibu, besi inayotembea bila haraka. Hapambi sauti. Anaiweka noti mahali pake na kuiacha.

Lakini saa saba mfululizo, Simiyu? Hapo ndipo ninapogombana na orodha yako. Don hatetemeki kamwe. Ukipiga nyimbo zake nane pamoja, wa tisa hujui kama umeanza au ni ule ule haujaisha. Wageni watakuwa wamekula nyama, jua la Kimilili liko utosini, na wewe unawabembeleza. Watalala wote, pamoja na padri.

Nautoa wimbo wake mmoja tu kwenye lawama hiyo, na haumo kwenye orodha yako, jambo linalonishangaza: Good Ole Boys Like Me, uliotungwa na McDill. Mtoto yuko kitandani, baba anaingia kumbusu, pumzi yake inanuka pombe kali na mkononi ameshika Biblia. Ukutani juu ya kitanda ipo picha ya Stonewall Jackson, jenerali wa lile jeshi la Kusini mwa Marekani lililopigania upande wa watumwa kubaki watumwa. Don anayasema yote hayo kwa sauti ile ile ya upole, hatetei wala hakemei. Ni nyumba aliyolelewa mtu, na mtu hachagui picha zilizotundikwa juu ya kitanda chake.

Nimeutaja makusudi, kwa sababu ulimlaumu Jim kwa kwenda Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi. Ni kweli, Jim alizuru kule 1962, mwaka ule ule Mandela alikamatwa. Akarudi kucheza filamu, akarekodi nyimbo kwa Kiafrikaans, na Makaburu wakampenda sana. Sina la kumfichia. Lakini pia hakuna aliyewauliza Waafrika waliokuwa wakimsikiliza kwenye redio za betri Lagos, Nakuru na Bulawayo kama wangependa kumwachia Kaburu sauti ile. Hawakumwachia. Don alikuja bara hili wakati mwema zaidi: mwaka 1997 aliimba Harare, na video ipo, watu weusi ukumbi mzima wanaimba naye mstari kwa mstari, naye anatabasamu kidogo tu chini ya kofia kama mtu aliyekuta jamaa zake mahali asipowatarajia. Nikiiangalia video ile huwa nasahau ubishi wetu wote kwa muda.

Jim hakupata nafasi ya kuzeeka hivyo. Tarehe 31 Julai 1964 alikuwa anarusha mwenyewe ndege ndogo kurudi Nashville, akakutana na dhoruba, akaanguka pamoja na mpiga piano wake, Dean Manuel. Alikuwa na miaka 40. Mkewe Mary aliendelea kutoa rekodi zilizobaki, na mwaka 1966 Distant Drums ikashika namba moja Uingereza, enzi ya Beatles hiyo, mwimbaji yuko kaburini mwaka wa pili. Ilikuwa rekodi ya majaribio tu ambayo vyombo vilipachikwa baadaye. Mwaka 1981 walifika mbali zaidi: wakaiunganisha sauti yake na ya Patsy Cline, mwanamke mwimbaji wa kantri, naye alikufa kwa ajali ya ndege 1963, wakaimba pamoja wafu wawili. Hiyo kwangu ilipita mpaka. Lakini ndiyo sababu nyingine watu wa umri wa mzee wako wanamshika hivyo. Wengi wao walipomjua alikuwa ameshaondoka, na bado kila baada ya muda likaja jambo jipya kutoka kwake.

Kwa hiyo ukiniuliza nani mwimbaji mkubwa, nitakuambia Jim, bila kupepesa jicho. Ukiniuliza ni sauti gani niiweke nikiwa napanga viazi kwenye magunia siku nzima, nitakuambia Don, na nitaiweka kesho asubuhi.

Haya, orodha nimeipanga upya namna hii. Wageni wakiwa wanaingia, Don, maana wanasalimiana na kutafuta viti. You're My Best Friend ubaki pale pale ulipouweka, wazee wakiingia. Baada ya chakula weka Tulsa Time, mama yako atainuka, namjua. Halafu hotuba. Zikiisha hotuba, na kabla ya zawadi, nipe dakika kumi na tano za Jim: Welcome to My World kwanza, mbili nyingine mzee achague mwenyewe. Muulize leo hii, usingoje siku yenyewe. Za kanisani na za Krismasi tusiziguse, ili usipate la kusema.

Santuri zenyewe, kama bado zipo chini ya kitanda cha mzee, muombe kwa heshima nizitazame nikija. Jirani yangu ana mashine ya kuzipiga inayofanya kazi, na ameahidi kuniazima nikimbebea debe la vitunguu kutoka huko kwenu. Niandikie bei ya vitunguu.

Wako,
Njoroge