Asiye na uraia ashtakiwe wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wabunge wetu kuhusu kifungu cha 6 cha Kanuni ya Adhabu. Kinazipa mahakama zetu mamlaka juu ya kosa lililotendwa nje ya nchi, mradi aliyelitenda ni raia wa Tanzania. Mtu asiye na uraia wa nchi yoyote hakutajwa.

Tuliofanya kazi ya ukarani wa mahakama huku Kigoma pengo hilo tumeliona. Aliwahi kuletwa kijana mvuvi wa dagaa, mzaliwa wa kambini. Burundi walikotoka wazazi wake hawamjui, na hapa hana cheti wala kitambulisho. Alidaiwa kumkata mwenzake panga usiku, karabai zikiwaka, upande wa Kalemie, kisha akavuka ziwa hadi mwalo wa Kibirizi. Kwenye hati ya mashtaka, pale pa kabila au uraia paliachwa patupu. Wakili wake hakuhitaji maneno mengi: kosa ni la Kongo, mtu si raia wetu. Shauri likaondolewa. Angekuwa na kitambulisho cha Taifa, angejibu mashtaka! Ndugu wa majeruhi, waliokuja na boti kutoa ushahidi, walibaki barazani wakituuliza sisi makarani waende wapi.

Mtasema arudishwe Kongo akashtakiwe huko. Sawa, ikiwa Kongo itamwomba, na makaratasi yafike kabla hajahamia mwalo mwingine. Ziwa hili lina nchi nne.

Mkataba wa Palermo wa mwaka 2000 kuhusu uhalifu wa kupangwa, ambao Tanzania imeuridhia, unairuhusu nchi kumshtaki hata asiye na uraia anayeishi kwake, kwa kosa alilolitenda nje. Urusi hawakuishia kwenye uhalifu wa kupangwa. Wameliweka hilo katika kanuni yao ya jinai. Sisi tunashindwa nini kuongeza mstari mmoja?

Ila nina sharti. Serikali iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 wapatao 162,000, na ilifanya jambo la heshima. Wapo waliobaki nje ya orodha. Sheria ikitaka kuwahesabu kuwa wa kwetu kizimbani, basi iwape na karatasi ya kusajilia laini ya simu na kukatia leseni ya uvuvi. Kumtambua mtu kwa ajili ya jela tu, hilo nitalipinga.

Miswada ya marekebisho ya sheria mbalimbali haiishi kupelekwa Dodoma. Mbunge wetu aibebe na hii.

Karani mstaafu,
Ujiji, Kigoma