Barua kwa mwanangu anayepanga nyumba Kolwezi

Lubumbashi, Komini ya Kenya

Mwanangu mpendwa,

Nilipopata habari kwamba umeanza kazi Kolwezi na kwamba komisioneri, yule dalali wa nyumba, amekuonyesha nyumba ya vyumba viwili, nilimshukuru Mungu. Lakini uliponiambia kuwa mwenye nyumba anataka garanti (pesa za dhamana) ya miezi sita, na kwamba utampelekea Jumamosi, moyo ulinishtuka. Nakuomba uisome barua hii kabla hujatoa hata faranga moja.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu nyumba za kupanga katika nchi yetu ya Kongo, inasema kwamba garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Watakujibu kuwa Kolwezi ni mji wa migodi, wapangaji ni wengi, na asiyetaka ampishe mwenzake. Wengi hulipa wakanyamaza, nami siwalaumu, kwa maana mtu mwenye watoto na mizigo barabarani hana nguvu ya kubishana. Wewe bado una pa kulala, kwa hiyo itaje sheria hiyo kwa heshima na sauti ya chini.

Huenda hukumbuki vizuri nyumba yetu ya Katuba, maana ulikuwa darasa la tatu tulipohama. Tulipoingia, marehemu baba yako alihesabu garanti ya miezi sita juu ya mkeka, bila karatasi yoyote. Ukuta ulikuwa wa matofali ya udongo wa kichuguu, na juu ya dirisha palikuwa na ufa ambao mvua ya Januari ilipitia. Wiki ile ya kwanza nilitega beseni chini yake. Miaka minne baadaye tulipodai garanti yetu, mwenye nyumba aliunyooshea kidole ufa uleule akasema ni sisi tuliomharibia ukuta. Pesa zetu alikwisha kuzijengea ua. Akatuambia tubaki bila kulipa kodi, tuile garanti mpaka iishe, ilhali tulikuwa tumekwisha kulipa kwingine. Hatukurudishiwa kitu. Sheria hii haikuwapo bado, lakini hata karatasi moja yenye sahihi yake ingetutetea.

Ndiyo maana nakusihi sana juu ya karatasi ya hali ya nyumba, ile wanayoiita etadelie. Zungukeni nyumba pamoja, wewe na mwenye nyumba, mchana. Fungua kila bomba, washa kila taa, jaribu kila kitasa, na kila ufa, kioo kilichopasuka au bati linalovuja liandikwe. Andikeni pia namba inayosomeka kwenye kompta, yaani mita, ya umeme na ya maji, kwa sababu deni la SNEL (umeme) au la Regideso (maji) aliloacha mpangaji wa kwanza hugeuka kuwa lako usipolitenga siku ya kuingia. Mtie sahihi wote wawili, kila mmoja abaki na nakala yake. Mkataba wenyewe nao uwe wa maandishi, na kila mwezi ukilipa kodi udai risiti, hata kama mwenye nyumba ni mtu wa kanisani kwenu.

Komisioneri atakuharakisha, maana hapati chake mpaka ulipe. Usimkasirikie, lakini usimfuate.

Siku mkigombana, mwenye nyumba hana ruhusa ya kung'oa mlango wala kutupa vyombo vyako nje. Anapaswa kukupa preavi, yaani notisi ya kuhama, kwa maandishi, na mkishindwa kuelewana, shauri lipelekwe kwanza kwa ofisi ya makazi ili mpatanishwe, kisha mahakama ya amani.

Nimemwomba mjomba wako akusindikize Jumamosi, naye amekubali. Mwenye nyumba akikataa kutia sahihi, rudini na pesa zako. Mjomba amesema kitanda chako kwake kipo mpaka upate nyumba nyingine.

Nikupendaye,
Mama yako