Barua ya wazi kwa vijana wetu mlioko Vietnam: mkialikwa kula wali mpya

Wanangu na wajukuu zangu,

Shikamooni zenu nimezipokea, marahaba. Mimi ni yule mzee wenu wa korosho. Nusu ya utu uzima wangu imeishia kwenye maghala ya Bình Phước na ofisi za Saigon, maana korosho ghafi nyingi za Mtwara na Lindi zinakwenda kubanguliwa huko. Sasa nimerudi kwetu Lindi, ila habari zenu zinanifikia, na safari hii zimenifikia za ugomvi. Wenyeji wenu wanawaalika kula wali mpya, nanyi mmegawanyika. Wapo wanaokataa kwenda kwa kuwa, wanasema, ni kuabudu mizimu. Wapo wanaokwenda, wakaipiga picha meza ya mababu wa watu, wakaisambaza na maneno ya kuchekesha. Nawaandikia nyote, na hawa wa pili ndio nina neno nao zaidi.

Kwanza mjue mnaitiwa nini. Katika bonde la Mto Mwekundu, kaskazini mwa Vietnam, kuanzia Hanoi kuteremka hadi Nam Định na Thái Bình, mpunga wa msimu wa jadi huvunwa kuelekea mwisho wa mwaka. Ukishaingia ghalani, huchaguliwa siku ya kumi au ya kumi na tano ya mwezi wa kumi, kwa hesabu yao ya mwandamo, ukapikwa mchele uliokobolewa upya. Wenyewe huuita cơm mới. Bakuli la kwanza haliguswi na mtu aliye hai. Hupandishwa kwenye bàn thờ, ile meza ya mababu iliyowekwa mahali pa heshima sebuleni, penye picha za waliotangulia na bakuli la majivu ya udi. Mkubwa wa nyumba huwasha udi, akataja tarehe na kijiji, akawaita wazee wake kwa majina. Huwapa habari za mwaka: mavuno yalivyokuwa, nani kazaliwa, nani anaumwa, nani kapata kazi mjini. Kisha huwakaribisha chakula. Watu wote hungoja, na hapo ndipo vijana wetu huanza kuangalia saa. Udi ukishateketea, sinia linateremshwa na walio hai wanakula kile walichokula wazee wao.

Mtoto wa mkulima haoni ajabu hapo. Hata kwetu limbuko halikuliwa hovyo, na Wanyarwanda mpaka leo wana Umuganuro wao kila Agosti.

Msidhani kila Mvietnam anafanya hivyo. Mjini wengi wameiacha siku yenyewe. Watanunua cốm, ule mchele mchanga wa kijani wa kijiji cha Vòng unaofungwa kwenye majani ya yungiyungi, wataupitisha kwanza mezani kwa mababu ndipo wale, basi imetosha. Milimani, makabila ya Wabana na Waede wanasherehekea mpunga wao kwa sahani za shaba zinazogongwa kama ngoma na pombe ya mtungi inayofyonzwa kwa mirija mirefu. Kusini, Wakhmer wa Sóc Trăng na Trà Vinh wana Ok Om Bok: mwezi ukiwa mpevu, mzee huwalisha watoto konzi ya mchele uliopondwa, akawauliza wanatamani nini. Mkiwa huko msikose mashindano ya mitumbwi.

Sasa nisikilizeni kwa nini wali ndio uliobeba uzito wote huu. Mwishoni mwa 1944 na katika nusu ya kwanza ya 1945, kaskazini ya nchi ile ilikumbwa na njaa. Vita vilikuwa vimepamba moto, Wajapani na Wafaransa walikuwa wakichukua mpunga wa wakulima, mafuriko yakaharibu mashamba, na njia za kuleta chakula kutoka kusini zikakatika. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana, kutoka laki kadhaa hadi milioni mbili. Thái Bình, wakati huo mkoa wa mpunga hasa, ni miongoni mwa sehemu ilikoua watu wengi zaidi. Baada ya hapo vikaja vita vingine, halafu miaka ya foleni na kuponi, mchele ukigawiwa kwa kipimo na kuchanganywa na mtama au muhogo. Mageuzi yao ya Đổi Mới yalianza 1986. Mwaka 1988 kaya zikapewa mamlaka juu ya mashamba ziliyoyalima, na 1989 nchi ile ile ikauza nje zaidi ya tani milioni moja za mchele.

Kwa hiyo mkimwona bibi wa miaka themanini na kitu amesimama mbele ya bakuli la wali unaofuka moshi, huku midomo inacheza bila sauti, fahamuni kwamba kwenye zile picha huenda yumo mtu aliyeondoka duniani na njaa, na leo anaambiwa kuwa chakula kipo. Huo ndio wakati ambao mmoja wenu aliona unafaa kuurekodi kwa kicheko. Mwenye video ile anajijua. Aifute, kisha aende na matunda kwa yule mama akamwombe radhi kwa mdomo wake. Asitume ujumbe.

Kwenu mnaoogopa dini. Mimi si sheikh wala padri, na imani ya mtu haichezewi. Lakini msiogope mbele ya jambo ambalo wenzenu wamelitafakari muda mrefu kuliko ninyi. Wakatoliki wa Vietnam walikatazwa na Roma ibada za mababu tangu karne ya 18; marufuku yale yaliwatenga na ndugu zao na kuwafanya waonekane wasio na shukrani kwa wazazi. Mwaka 1964 Roma ikawaruhusu heshima hizo, kwa kuwa ni heshima za kifamilia. Leo nyumba ya Mkatoliki mtaikuta na msalaba juu na picha za wazee chini yake, na siku ya pili ya Tết, mwaka mpya wao, misa husomwa kwa ajili ya mababu na wazazi. Walokole wa huko wengi hawashiki udi kabisa. Husimama na kuinamisha kichwa, na jamaa zao wameshawazoea. Nanyi simameni hivyo hivyo.

Waislamu, mambo yenu yanahitaji kusemwa mapema. Mwambieni mwenyeji siku kadhaa kabla kwamba hamli nguruwe, hamnywi pombe, na kwamba chakula kilichokwisha kutolewa kwa mababu dini yenu hairuhusu. Ombeni mtengewe sehemu yenu kabla sinia halijapanda. Hatashangaa, maana Wabudha wengi hula chay, yaani bila nyama, kila tarehe mosi na kumi na tano ya mwezi wa mwandamo, na kila mama wa Kivietnam anajua kupika sufuria ya pembeni. Mkiwa na shaka, waulizeni Wacham Waislamu wa upande wa Châu Đốc, au wazee wa msikiti wa Al-Noor pale Hanoi. Wamewazoea majirani wa namna hiyo.

Adabu za siku yenyewe si nyingi. Msiende mikono mitupu: matunda, maua ya krisanthemamu, au chai nzuri, na mkabidhi kwa mikono miwili ili viwekwe juu kwanza, msitarajie vifunguliwe mbele yenu. Ukipewa udi na dhamiri yako inakuruhusu, uchukue vijiti kwa witiri, kimoja au vitatu, na mwali wake uzime kwa kupunga mkono, usiupulize kwa mdomo. Bakuli la udi msiliguse wala kulisogeza, hata kama mnataka kusaidia kufuta vumbi. Vijiti vya kulia msivisimamishe wima ndani ya wali, kwa sababu hivyo ndivyo linavyowekwa bakuli la maiti msibani. Mezani mdogo huwakaribisha wakubwa mmoja mmoja kabla hajagusa chakula. Hilo mmelelewa nalo, sihitaji kulifundisha. Na huko kama kwetu mtu haitwi kwa jina kavu: jueni nani ni babu, nani baba mkubwa, nani dada. Mkikosea watacheka, watawasahihisha, na mtakuwa mmeshaingia nyumbani.

Wafanyabiashara, nawaomba: bei ya korosho isitajwe mezani. Najua mnavyofikiri, maana mkataba mzuri huanzia kwenye chakula. Ngojeni kesho yake.

Baada ya wali mpya mtaalikwa kwenye giỗ, kumbukumbu ya siku aliyofariki mzee wa nyumba. Huo ni mwaliko mkubwa kuliko wa harusi, kwa maoni yangu. Harusini wanaalikwa mamia, hata jirani wa ofisini asiyejulikana jina. Kwenye giỗ wanakutana ndugu, watakaozungumza mambo ya ndani ya ukoo mbele yako, na pengine watatoa gia phả, kitabu cha nasaba, wakuonyeshe vizazi vilivyoandikwa humo. Kisha watakugeukia wakuulize: na kwenu je, babu yako aliitwa nani, na babu wa babu, na wamezikwa wapi?

Nimeona vijana wasomi, wenye shahada mbili, wakikwama kwenye swali hilo. Kwa hiyo kabla ya kwenda pigeni simu nyumbani. Muulizeni bibi, shangazi, yeyote anayekumbuka, mwandike majina na vijiji kwenye daftari, ya upande wa mama pia. Kama mzee mwenyewe ana nafasi, mwacheni asimulie hata akizunguka mbali, na salio lenu liwe la kutosha.

Jambo la mwisho. Mkiaga mtafungiwa chakula: matunda, mkate wa wali wa kunata, pengine kuku mzima. Wanaita lộc, baraka iliyotoka kwa wazee. Asiyeweza kuila kwa sababu ya dini aseme mapema kama nilivyoeleza, ili afungiwe kile kilichotengwa pembeni. Wengine pokeeni kwa mikono miwili, msijifanye mmeshiba. Na ikiwa mmepewa kwenye bakuli lao, lirudisheni wiki hiyo hiyo, lisiwe tupu. Korosho za kukaanga kutoka kwetu zinatosha sana, ingawa watawaambia kwamba wamezibangua wao.

Mzee wenu wa korosho,
Lindi