Majina ya chini ya ukurasa: barua ya wazi kwa ndaki ya sayansi za jamii

Wanangu wanafunzi, na ninyi wahadhiri ambao wengi wenu niliwafundisha kabla hamjawa walimu wa wengine,

Salamu. Taarifa yenu ya mafanikio ya mwaka imenifikia. Niliisoma yote, na nilipofika mwisho nikarudi mwanzo. Kuna aliyetetea tasnifu yake ya uzamivu baada ya miaka saba ya kuhangaika. Kuna mhadhiri aliyepanda kuwa profesa mshiriki, timu ya shahada ya kwanza iliyoshinda mdahalo, mradi uliopata ufadhili wa miaka mitatu. Mwalimu aliyestaafu hana furaha inayozidi hiyo. Hongereni sana, tena naanza na hongera makusudi, asije mtu akadhani nimeandika ili kuwaharibia sherehe.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kwamba majina yote mliyoyataja ni ya aina moja. Ni majina ya walio juu ya kazi: mwandishi, msimamizi, mkuu wa mradi. Nilimtafuta msaidizi wa utafiti hata mmoja, sikumwona. Nilimtafuta aliyesikiliza rekodi za mahojiano na kuziandika neno kwa neno, hayumo. Mkalimani hayumo. Aliyesafisha data usiku kucha hadi namba zikakubaliana hayumo. Nami najua walikuwepo, maana utafiti wa jamii haufanywi na mtu mmoja aliyejifungia ofisini.

Naandika kama mtu mwenye deni la namna hiyo. Nikiwa mhadhiri kijana nilifanya utafiti juu ya namna familia inavyoamua ni mtoto yupi aache shule pesa zinapopungua. Dodoso nililitunga mimi. Aliyekwenda nyumba kwa nyumba alikuwa mwanafunzi wa uzamili, binti mkimya mwenye mwandiko mdogo mno. Aliniletea madaftari manne. Katika mahojiano mengi, swali la nani alitoa uamuzi lilijibiwa "sijui", nami nilikuwa tayari kuyahesabu majibu hayo kama majibu ya wasiojua. Kisha nikaona pembeni ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu, ameandika: "Amenyamaza kwanza. Usiandike hajui. Anajua, mume wake amesimama mlangoni."

Niligeuza kurasa. Alama zile nyekundu zilikuwa kila mahali: nani alikuwa amekaa chumbani, nani aliingia katikati ya swali, nani alishusha sauti. Makala yangu yote iligeuka kutoka hapo. Hoja yake kuu, kwamba "sijui" nyingi za kwenye dodoso ni ukimya wa mtu asiye huru kusema, ilizaliwa kwenye pembe za madaftari ya binti yule. Makala ikachapishwa kwa jina langu peke yangu. Chini kabisa, kwenye tanbihi, nikamshukuru "kwa msaada wake katika kukusanya data". Kwa makala hiyo nilipandishwa cheo. Yeye alihitimu, akaenda zake.

Wakati ule sikuhisi kosa lolote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi leo. Nilifanya kama nilivyoona wakubwa zangu wakifanya.

Tena sikuwa wa kwanza. Mwaka 1968 mwanasosholojia Robert Merton alichapisha katika jarida la Science makala iliyokuja kuwa maarufu sana katika fani yetu. Alieleza kwamba watafiti wakishirikiana, au wakifikia jambo moja kila mtu kwa njia yake, sifa humwendea yule ambaye tayari ana jina kubwa. Hali hiyo akaiita athari ya Mathayo, kwa ile aya ya Injili kwamba mwenye nacho ataongezewa, na asiye nacho atanyang'anywa hata kile alicho nacho. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka kwenye mahojiano na washindi wa Tuzo ya Nobel. Mahojiano hayo hakuyafanya yeye. Yalifanywa na Harriet Zuckerman, aliyekuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia. Zuckerman alitajwa ndani ya makala. Juu yake lilisimama jina la Merton peke yake. Baadaye Merton mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba kazi ile ilistahili kubeba majina mawili.

Fikirini hapo, ninyi mnaosomea jamii. Makala iliyoifichua dhuluma hii iliitenda dhuluma hiyo hiyo, na aliyeitenda alikuwa bingwa wa kuieleza. Mazoea yana nguvu kuliko elimu. Ndiyo maana nawaomba msitegemee wema wa mtu mmoja mmoja, wekeni utaratibu.

Lakini ipo pia mifano ya kutupa moyo. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wote wawili wenye majina makubwa, walichapisha makala iliyoonyesha kuwa deni la umma likipita asilimia 90 ya pato la taifa, ukuaji wa uchumi hushuka sana. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliinukuu walipokuwa wakitetea kubana matumizi ya serikali. Thomas Herndon, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alikuwa na zoezi la darasani: chagua makala iliyochapishwa, rudia hesabu zake. Akarudia, hazikutoka. Akarudia tena. Mwanzoni walimu wake walidhani kosa ni la kijana. Akawaandikia waandishi, nao wakampa faili lao la Excel, jambo ambalo ni la kuwasifu kwa dhati. Alipolifungua akaona fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje ya hesabu. Ukiunganisha kosa hilo na namna walivyochagua data na kuipa uzito, wastani wa ukuaji wa nchi zenye deni kubwa, ambao makala iliuweka asilimia 0.1 chini ya sifuri, ukawa asilimia 2.2. Waandishi walikubali kosa la fomula, ingawa waliendelea kuutetea msimamo wao kwa ujumla.

Wengi huisimulia habari hii kwa ajili ya kosa la Excel. Mimi huisimulia kwa ajili ya mpangilio wa majina. Makala ya masahihisho ilitoka mwaka 2013 ikiwa na waandishi watatu: Herndon, Ash na Pollin. Michael Ash na Robert Pollin ni maprofesa wake. Wachumi wana desturi ya kupanga majina kwa alfabeti, na kwa desturi hiyo Ash angetangulia. Wakamtanguliza mwanafunzi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeliona kosa. Sijui kama kuna heshima kubwa zaidi ambayo mwalimu anaweza kumpa mwanafunzi wake, na haikuwagharimu kitu.

Hata nyuma zaidi, watu walijua namna ya kufanya hivi. Mwanasosholojia W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi, alipoajiriwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1896 kuchunguza maisha ya Wamarekani weusi wa Philadelphia, alipewa cheo cha msaidizi tu na hakupewa darasa la kufundisha. Alizunguka mwenyewe kaya takribani 2,500. Kitabu cha utafiti huo kilipotoka mwaka 1899, ukurasa wa jina ulitaja pia ripoti maalumu ya Isabel Eaton juu ya watumishi wa majumbani. Mtu aliyenyimwa nafasi stahiki hakumnyima mwenzake nafasi yake.

Na Elinor Ostrom, ambaye nikimtaja huwa sinyamazi upesi. Alikataliwa kusomea uzamivu wa uchumi kwa sababu ya upungufu wa masomo ya hisabati, akaingia sayansi ya siasa, na tasnifu yake ya mwaka 1965 ikawa juu ya watu wa kusini mwa California waliokuwa wakigombea maji ya chini ya ardhi na hatimaye wakakubaliana namna ya kuyatunza. Mwaka 1973, yeye na mumewe Vincent walianzisha mahali pa utafiti katika Chuo Kikuu cha Indiana. Walikuwa wamejifunza kutengeneza samani kwa fundi seremala, kwa hiyo mahali hapo wakapaita karakana. Mwanafunzi na profesa walikaa meza moja, rasimu ya kila mtu ikachambuliwa na wote. Mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, akigawana na Oliver Williamson. Fungu lake la fedha za tuzo alilipeleka kwenye karakana ile. Alijua kazi ilifanyika wapi.

Sasa niwaeleze hasara ya kukataa kufanya hivi, maana si suala la hisia peke yake. Mwaka 2011 iligundulika kwamba Diederik Stapel, profesa wa saikolojia ya jamii aliyekuwa na sifa kubwa Uholanzi, alikuwa akibuni data. Makala zake 58 zimeondolewa majaridani. Njia yake ilikuwa nyepesi: alisema data amekusanya mwenyewe, akawapa wanafunzi wazichambue. Tasnifu za vijana wasio na hatia zikajengwa juu ya namba za uongo. Walioyafichua hayo walikuwa watafiti vijana watatu wa idara yake mwenyewe. Pale ambapo aliyekwenda uwandani anajulikana kwa jina, na madaftari yake yanaonekana, uongo wa namna ile haupati pa kujificha. Jina la msaidizi ni ushahidi kwamba kazi ilifanyika.

Wahadhiri, kabla timu haijaondoka kwenda uwandani, kaeni muandike nani atakuwa mwandishi, nani atatajwa na kwa kazi ipi. Majukumu yakibadilika, karatasi nayo ibadilishwe. Majarida mengi siku hizi yanatumia CRediT, orodha ya kutaja nani alifanya nini katika utafiti, yenye majukumu 14, kuanzia kuibua wazo hadi kutafuta fedha. Itumieni hata kwa kazi ambayo jarida halijaidai. Na msiweke majina yenu juu ya kazi ya mwanafunzi kwa sababu tu mlikuwa wasimamizi. Kusimamia mnalipwa, na sifa yake ni mwanafunzi aliyeiva.

Viongozi wa ndaki, kwenu nina ombi zito zaidi. Kanuni za kupandisha vyeo katika vyuo vingi hugawanya alama kwa idadi ya waandishi. Maana yake, mhadhiri anayemtambua msaidizi wake anaadhibiwa, na anayemsukuma kwenye tanbihi anazawadiwa. Mimi nilizawadiwa. Mkiiacha kanuni hiyo ilivyo, barua mia kama hii hazitasaidia kitu.

Wanangu wanafunzi, kuuliza "jina langu litakaa wapi?" si utovu wa adabu. Ulizeni mapema, kwa heshima, kabla kazi haijaanza. Tunzeni kumbukumbu za tarehe na kazi mlizofanya. Nanyi msiwafanyie wenzenu mnayolalamikia: rafiki aliyekaa nawe siku mbili kukusaidia uchambuzi wa takwimu anastahili zaidi ya "asante kwa wote walionisaidia kwa namna moja au nyingine". Mtajeni, na mseme alifanya nini.

Kuhusu watafitiwa nitasema machache, kwa kuwa majina yao tuliahidi kuyaficha. Hao hatuwezi kuwaorodhesha kwenye taarifa. Tunachoweza ni kurudi kwao na matokeo, kwa lugha wanayoizungumza, kabla ya kuyapeleka kwenye mkutano wa kitaaluma.

Mtakapoandaa taarifa ya mwaka ujao, chini ya kila mafanikio wekeni mistari miwili zaidi ya majina. Ukurasa utarefuka. Acheni urefuke.

Mnaweza kuuliza mbona mimi mwenyewe sijamtaja binti yule wa madaftari. Sijamtaja kwa kuwa jina lake ni lake, na sikuwa nimemwomba ruhusa. Mwezi uliopita nilimtafuta, nikampata. Sasa ni mwalimu, ana wajukuu. Nilimsomea kwa simu maneno yake ya kalamu nyekundu. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama madaftari bado yapo. Yapo. Tumekubaliana niyakabidhi kwenye maktaba ya ndaki yote manne, jina lake likiwa juu ya jalada, na yeye atakuja kuliandika kwa mkono wake. Jarida lililochapisha makala ile nimeshaliandikia kuomba tamko la kurekebisha uandishi. Jibu bado sijapata, ila nitaendelea kuandika.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa ndaki