Punda milia wa Ustad Mansur

Mwanangu Neema,

Hatujambo huku. Bibi yako anakusalimu sana, goti lake limepata nafuu.

Juzi kwenye simu ulisema umechoka kuchorishwa wanyama chuoni, na kwamba punda milia ni punda tu, unamchora kisha unampiga mistari. Sauti ilikuwa inakatika, sikukujibu. Lakini neno lile limenikaa.

Kuna punda milia mmoja nataka umtazame. Alichorwa mwaka 1621 na Ustad Mansur, mchoraji wa Jahangir, mfalme wa Mughal kule India. Mnyama mwenyewe alitoka Uhabeshi, akaletwa na Waturuki. Jahangir ameandika katika kumbukumbu zake kwamba wapo waliodhani kapakwa rangi, hadi walipomkagua wakaona ndivyo alivyoumbwa. Kwa uadimu wake akatengwa awe zawadi ya Shah Abbas wa Uajemi.

Wewe na mimi tumepita Mikumi kwa basi mara ngapi, wamejaa kando ya barabara, na hatukuinua hata kichwa? Mansur alimpata huyo mmoja tu, akamtazama.

Ikuze picha uone. Milia ya usoni ni myembamba kama uzi, inashuka kuelekea puani. Kwenye paja inapanuka na kupinda. Miguuni inakuwa pete pete. Hakuna mstari uliowekwa kuziba nafasi. Nyuma yake hakuweka mlima wala mti, ni mnyama na kamba yake basi. Wachoraji wale walitumia brashi za manyoya ya kindi, na karatasi waliisugua kwa jiwe la akiki mpaka ikateleza.

Kinachonigusa zaidi ni maandishi ya mfalme mwenyewe juu ya picha: mnyama katoka wapi, nani kamchora, mwaka gani. Mfalme anamwita Mansur Nadir al-Asr, nadra ya zama zake. Picha kama hizo zilikusanywa kwenye albamu, muraka, pamoja na kurasa za mwandiko mzuri wa mkono na pambizo za maua na dhahabu. Hiyo ya punda milia iko London, makumbusho ya Victoria and Albert, ila kwenye simu yako utaipata.

Chuo kikifungwa nitakulipia nauli, tukalale Mikumi usiku mmoja. Njoo na penseli tu, rangi ziache.

Mama yako