Nefesh ni Nafsi

Mombasa, Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani Nakuru. Uliniuliza kama bado nasikiliza kantri, ile tuliyoizoea redioni enzi za Jim Reeves. Naisikiliza, na kwa miezi miwili sasa nimetekwa na wanamuziki wawili tu.

Wanajiita Nefesh Mountain, nao ni Eric Lindberg na mkewe Doni Zasloff, Wayahudi wa New Jersey nchini Marekani. Wanapiga blugrasi, lile tawi la kantri aliloliasisi Bill Monroe wa Kentucky katika miaka ya 1940, lenye banjo, mandolini, fidla na gitaa lisilo la umeme, na ndani yake wanaimba sala za Kiebrania pamoja na mashairi yao ya Kiingereza.

Nakiri kwamba mwanzoni nilidhani ni mzaha, kwa kuwa blugrasi niliyoijua ilikuwa imejaa Yesu na msalaba. Kisha nikakumbuka kwamba Zaburi zilikuwa za sinagogi kabla hazijafika katika makanisa ya Kentucky, na kwamba banjo yenyewe ilianzia kwa watumwa wa Kiafrika waliovuka bahari na ufundi wa kuwamba ngozi juu ya kibuyu. Katika muziki uliokusanywa kutoka pande zote hizo, nani atamwita Myahudi mgeni?

Albamu inayonigusa zaidi ni Songs for the Sparrows, yaani nyimbo kwa ajili ya shomoro, ya mwaka 2021. Ilitokana na safari yao ya kwenda Poland na Ukraine kuzitafuta sehemu walikotoka wazee wao, ambako jamii nzima za Wayahudi ziliangamizwa. Humo umo pia wimbo walioutunga saa chache baada ya waumini 11 kuuawa kwa risasi ndani ya sinagogi mjini Pittsburgh, tarehe 27 Oktoba 2018. Ungetarajia ghadhabu, nami nisingewalaumu, lakini wimbo ule ni wa taratibu na unaombea amani.

Jambo jingine litakufurahisha wewe mpenda maneno. Nefesh kwa Kiebrania ni nafsi. Neno lao na letu ni ndugu wa shina moja, ila letu lilitufikia kwa njia ya Kiarabu. Hata nafasi imechipuka hapo hapo, penye maana ya pumzi. Tangu nilipolitambua hilo, jina la kundi lao nimekuwa nikilisikia kama la Kiswahili.

Isikilize albamu hiyo usiku, watoto wakishalala, kisha uniandikie kuhusu fidla, maana sikio lako kwa nyuzi limelishinda langu tangu zamani.

Wako daima,
Rafiki yako wa Mombasa