Rosette kutoka uani: maandalizi

Habari za jioni wanakikundi. Kwa mlioko Dar mnaotaka kuipiga picha nebula ya Rosette (wingu la gesi angani): iko kati ya nyota za Betelgeuse na Procyon, na mwishoni mwa Januari hufika karibu na utosi saa 4 usiku na dakika kadhaa. Upana wake unazidi mara mbili ya Mwezi, hivyo lenzi ya milimita 200 hadi 400 yatosha.

Kinachosumbua hasa ni ncha ya kusini ya anga, yaani pale nyota zinapoonekana kuzungukia, ambapo mhimili wa kifaa cha kufuata nyota lazima uelekezwe. Iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, imezama kwenye utusitusi na mwanga wa mji. Sigma Octantis, nyota hafifu iliyo karibu na ncha hiyo, msihangaike nayo; tumieni programu inayotambua nyota pichani. Tena mhimili ukilala hivyo, uzani wa kusawazisha kamera hugonga miguu ya stendi. Mguu mmoja uelekezeni kaskazini, kusini pabaki wazi.

Filta ya bendi mbili (inayopitisha tu mwanga wa gesi za nebula, nanomita 656 na 500) huzuia vizuri taa za njano za sodiamu. LED nyeupe hupenya kiasi, kwa hiyo ombeni jirani azime ya kwake. Kila picha ipigeni kwa sekunde 180, ISO 800, na muda wa picha zote ujumlishwe ufike saa 4 au zaidi, hata kwa siku tatu. Kilele cha histogramu (chati ya mwanga kwenye kamera) kikifika katikati, punguzeni sekunde.

Kila baada ya picha 3 lengo lisogezwe kidogo, la sivyo kamera iliyopata joto huacha michirizi ya rangi. Mwishoni funikeni lenzi kwa fulana nyeupe, mpige picha 30 za kusawazisha mwanga kabla hamjagusa fokasi wala kuizungusha kamera.